Sigara Isiyowashwa

Ishara inayokumbukwa kuliko zote katika The Fault in Our Stars, riwaya ya Mmarekani John Green iliyotoka Januari 2012 na kutengenezewa filamu miaka miwili baadaye, ni sigara. Augustus Waters, kijana wa miaka 17 aliyekatwa mguu kwa saratani ya mifupa, huibana sigara kwa meno bila kuitia moto. Hazel Lancaster, msichana wa miaka 16 ambaye saratani ya tezi ya shingo imemhamia mapafuni na haendi popote bila mtungi wake wa oksijeni, anapomwona hivyo siku ya kwanza anamjia juu: mtu aliyenusurika saratani anatoaje fedha yake kununua nyingine? Augustus anajieleza kwamba kile chenye kuua amekiweka mdomoni mwake, lakini hajakipa uwezo wa kuua. Hazel analainika, na wasomaji wengi wamelainika pamoja naye. Uchambuzi nao mara nyingi huishia hapo: sigara ni kifo, kutoiwasha ni ushindi wa binadamu, tufunge kitabu. Hoja yangu ni kwamba anayeishia hapo amesoma nusu ya riwaya. Green anajenga ishara zake kwa ufundi, kisha anazileta mbele ya mwili unaoumwa na kuziacha zishindwe, karibu zote, mojamoja. Katika kushindwa huko ndimo riwaya inamosema neno lake kuhusu kunusurika.

Mwanafunzi wa fasihi kwetu hufundishwa kukiuliza kila kitu kilichomo kitabuni kinawakilisha nini, na mtihani humpa alama kwa jibu. Ni zoezi jema, ila katika riwaya hii linafika ukomo wake upesi. Swali lenye kuzaa zaidi ni jingine: ishara hii ameitunga nani, na inamfaa nani? Tuanze na zile zilizotungwa na watu wazima wenye afya. Vijana wagonjwa wa Indianapolis hukutana kila wiki katika chumba cha chini ya kanisa lililojengwa kwa umbo la msalaba. Kiongozi wao, Patrick, aliyepona saratani zamani, hachoki kuwakumbusha kwamba wameketi pale mikono ya msalaba inapokutana, yaani penye moyo wa Yesu. Vijana wamelichukua wazo hilo wakaligeuza utani. Nyumbani kwa akina Augustus, wazazi wamejaza kuta na mito ya makochi semi za kutia moyo, za kupita dhoruba na kuona upinde wa mvua. Hakuna aliye mbaya katika watu hawa. Patrick ana huruma, na wazazi wale wanampenda mtoto wao kuliko roho zao. Lakini ukitazama vizuri, semi zile zinawatuliza waliozibandika. Mgonjwa analazimika kuishi ndani yake kama mgeni katika nyumba iliyopambwa na mwenyeji, asifu tu.

Kubwa kuliko zote katika kundi hili ni lugha ya vita. Marekani iliifanya kuwa lugha ya serikali: Rais Richard Nixon alipotia saini Sheria ya Taifa ya Saratani Desemba 1971, umma uliitambua kama kutangazwa kwa vita dhidi ya maradhi. Tangu hapo mgonjwa anapigana. Akipona ameshinda, na akifa tangazo la mazishi linasema alipambana kishujaa mpaka dakika ya mwisho. Miaka saba baadaye mwandishi Susan Sontag, ambaye naye alikuwa ametibiwa saratani ya matiti, alitoa kitabu Illness as Metaphor kupinga mtindo huu. Alisema ugonjwa si sitiari, na kwamba kuufunika kwa sitiari kunamwongezea mgonjwa mzigo wa pili, hasa pale jamii inapoanza kuamini kwamba tabia au hisia alizozikandamiza ndizo zilizomtia maradhi. Green anaingiza mzozo huohuo katika mazungumzo ya vijana wake. Kama hii ni vita, Augustus anauliza, adui ni nani? Uvimbe umetokana na chembe zake mwenyewe, kama ubongo wake na moyo wake vilivyotokana nazo. Ni vita ya wenyewe kwa wenyewe, na mshindi wake amekwisha kupangwa. Ukilikubali hilo, neno shujaa linapungua uzito. Anayekufa hakuwa mwoga, wala anayepona hakuwa hodari zaidi.

Jina la kitabu, yaani kosa lililomo katika nyota zetu, limechimbwa katika udongo huo. Katika Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayo tangu 1963, Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri, Kasio anamshawishi Bruto kwamba watu wakiwa wanyonge wasizilaumu nyota, bali wajilaumu wenyewe. Ni maneno matamu ya mwanasiasa anayetafuta mshirika wa njama. Ndani ya riwaya, mwandishi mlevi aitwaye Peter Van Houten anaandika barua ya kumpinga Shakespeare: ni rahisi kwa Mroma mwenye cheo kusema hivyo, lakini nyota zina makosa tele. Sayansi iko upande wa mlevi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sehemu kubwa ya saratani za watoto haina chanzo kinachojulikana, na ni takriban mtoto mmoja tu kati ya kumi ambaye maradhi yake yanahusishwa na urithi wa vinasaba. Mtoto wa miaka 13, umri aliokuwa nao Hazel alipogunduliwa, hajavuta sigara wala hajafanya kazi migodini. Hana cha kutubia. Jina la kitabu linaondoa lawama kwa mgonjwa kabla hata msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza.

Kundi la pili ni ishara ambazo wagonjwa wamejitungia wenyewe, na hapa riwaya inapata utamu wake. Hazel anajiita guruneti. Siku moja atalipuka, kwa hiyo anataka waliomzunguka wawe wachache ili majeruhi wapungue. Ndiyo sababu anajitenga na marafiki, na mwanzoni anamkwepa Augustus. Ishara hii ni yake, ameifikiri, na ina mantiki. Lakini wazazi wake wanaikataa. Wanamwambia kwa upole kwamba kwao yeye si guruneti, kwamba kufa kwake kutawaumiza lakini kuishi kwake kumewapa furaha inayozidi. Kisha hadithi inaipindua kabisa: saratani ya Augustus inarudi, na anayelipuka ni yeye. Hazel, aliyekuwa akiwalinda wengine dhidi yake, anajikuta miongoni mwa majeruhi. Ishara aliyoitunga kwa uangalifu wote ule ilikosea hata mhusika. Jambo lililo kweli ndani yake, yaani kwamba apendaye huumia, halikuhitaji bomu ili lisemwe.

Au tazama riwaya iliyomo ndani ya riwaya. Hazel amekisoma mara nyingi kitabu cha Van Houten kuhusu Anna, msichana mwenye saratani ya damu, ambacho kinakatika katikati ya sentensi kwa sababu msimulizi amekufa au amezidiwa. Kukatika huko ni ishara nzuri ya kifasihi, na Hazel analijua hilo. Hata hivyo haimtoshi. Anataka kujua: mama yake Anna aliolewa? Panya wa kufugwa alichukuliwa na nani? Anasafiri na Augustus hadi Amsterdam kumuuliza mwandishi, naye anawajibu kwa matusi. Msomaji makini atakuwa ameshagundua kwamba panya si hoja. Miaka mitatu kabla, Hazel akiwa mahututi, alimsikia mama yake akilia kwamba hatakuwa mama tena. Anachokitafuta katika kitabu ni hakikisho kwamba wazazi wake wataendelea kuishi yeye akiondoka, na jibu halimjii kutoka Uholanzi wala katika fasihi. Anaambiwa nyumbani, katikati ya ugomvi, kwamba mama yake amekuwa akisoma kwa siri shahada ya ustawi wa jamii ili aje kuzishauri familia nyingine zenye wagonjwa. Ni jambo la kawaida mno, la ada za masomo na kazi za kuandika usiku, nalo linamtuliza Hazel kuliko sentensi yoyote iliyokatwa kwa ustadi.

Sasa turudi kwenye sigara. Dalili ya kwanza kwamba haitadumu inakuja kama mzaha. Ndani ya ndege ya kwenda Uholanzi, mhudumu anamwambia Augustus kuvuta ni marufuku. Anapoelezwa kwamba hii ni sitiari tu, anajibu kwamba sitiari hiyo nayo ni marufuku katika safari ya leo. Tunacheka. Baadaye, Augustus akiwa amedhoofika, mrija wa kumlishia umepitishwa tumboni na dawa za maumivu zimemlegeza, anatoka usiku peke yake kwa gari mpaka kituo cha mafuta. Pakiti yake imepotea. Wazazi wangemnunulia nyingine, lakini anataka afanye jambo moja kwa mikono yake. Hafiki dukani. Hazel anamkuta kwenye kiti cha dereva, amejitapikia, pale mrija unapoingia tumboni pameoza kwa maambukizi, analia, anamwomba asiite gari la wagonjwa. Hazel anaita. Kijana aliyedai kwamba kifo kiko mdomoni mwake lakini hakina nguvu sasa hana nguvu za kuvuka uwanja wa maegesho kwenda kukinunua. Green angeweza kumwacha afe na sigara yake mdomoni, akipendeza, na kitabu kingeuzika vilevile. Hakufanya hivyo.

Kinachofuata katika tukio hilo ndicho kinachonishawishi kwamba mwandishi alijua alichokuwa akikifanya. Wakisubiri msaada, Augustus anamwomba Hazel amsomee kitu. Shairi linalomjia ni lile fupi mno la William Carlos Williams la mwaka 1923, linalotazama toroli jekundu, maji ya mvua na kuku, na kusema kwamba mengi yanategemea vitu hivyo. Williams alikuwa daktari wa New Jersey aliyetibu watoto na kuzalisha akina mama kwa miongo kadhaa, na msimamo wake wa kishairi ulikuwa kwamba mawazo yakae ndani ya vitu vyenyewe, yasielee juu yake. Shairi ni fupi kuliko muda wa kusubiri gari, kwa hiyo Hazel anaendelea kwa kutunga: anaingiza mbingu iliyokatwa na matawi, midomo iliyogeuka rangi, mrija unaotoka tumboni. Hatafuti mrija huo unawakilisha nini. Anautaja, anautazama, anabaki pale. Augustus alikuwa na ishara na haikumsaidia; alichobakiwa nacho ni mtu mwenye ujasiri wa kuyaita mambo kwa majina yake. Kwa kipimo changu huo ndio ukurasa bora wa kitabu kizima, na filamu ya Josh Boone, pamoja na mazuri yake, haikuweza kuufikia.

Msomaji mkali ataniuliza: mbona mwandishi mwenyewe amekijaza kitabu ishara ambazo hazivunjiki? Ni kweli. Maji yametapakaa kila mahali: katika jina la ukoo la Augustus, katika mifereji ya Amsterdam, katika mapafu ya Hazel yanayojaa majimaji, hata katika dondoo la mwanzo ambalo Green amelibuni na kumtwisha Van Houten. Maji haya sikuyapenda sana. Yanamwonyesha mwandishi akifanya kazi yake, na wahusika hawana habari nayo. Nyumba ya Anne Frank ni kosa kubwa zaidi. Hazel anazipanda ngazi zile za mwinuko mkali na mtungi wake, pumzi zikimwishia, na kule juu yeye na Augustus wanabusiana huku watalii wakipiga makofi. Wazo lililokusudiwa naliona: kati ya watu wanane waliojificha pale, ni Otto Frank peke yake aliyetoka hai katika kambi za Wanazi, na Hazel anamwona katika video, baba aliyeachwa na watoto wake, akiwa kama kioo cha baba yake mwenyewe. Wazo hilo lingetosha. Busu na makofi vinakifanya kifo cha halaiki kuwa pazia la nyuma ya penzi la vijana wawili, jambo lilelile ambalo kitabu kinawakataza watu wazima kuwafanyia wagonjwa. Hapo mwandishi amevunja sheria yake, na hoja yangu haidai kwamba hakuwahi kuivunja.

Ishara nyingine inayoonekana kama kosa nina mtazamo tofauti nayo. Katika hotuba ya maziko aliyoisoma mbele ya Augustus angali hai, mle mle katika chumba cha chini ya kanisa walichozoea kukidhihaki, Hazel anasema kuna idadi zisizo na mwisho zilizo kubwa kuliko nyingine: kati ya 0 na 2 kuna namba nyingi zaidi kuliko kati ya 0 na 1. Kihisabati amekosea. Georg Cantor alithibitisha kuwa kuna ukubwa tofauti wa kutokuwa na mwisho, lakini mfano huu sio. Namba za sehemu hizo mbili zinalingana kwa wingi. Wajuzi wa hesabu wamelicheka kosa hili. Mimi naona linaingia vizuri mdomoni mwa msichana wa miaka 16 aliyedaka nadharia nusu kutoka kwa mlevi. Anachohitaji ni njia ya kumshukuru mtu kwa siku chache bila kujifanya kwamba zilikuwa nyingi. Ishara iliyotungwa na mgonjwa kwa haja ya saa hiyo haidaiwi kuwa sahihi, na yeye haiendelezi baada ya hapo.

Lawama nyingine ni kwamba kitabu kinaupamba ugonjwa: vijana wazuri, wenye maneno ya wanafalsafa, wakinywa mvinyo wa bei ghali kando ya mfereji. Lawama hii ina msingi kwa nusu ya kwanza ya kitabu. Kwa nusu ya pili inasahau kwamba msimulizi mwenyewe ndiye anayeukemea upambaji huo. Hazel anaijua kanuni ya hadithi za aina hii, kwamba mgonjwa atabaki mcheshi na jasiri hadi mwisho, naye anatangaza kwamba Augustus hakuwa hivyo. Mwishoni alikuwa kijana wa kuhurumiwa aliyechukia kuhurumiwa. Green aliwahi kufanya kazi kama mchungaji mwanafunzi katika hospitali ya watoto, na nadhani kutoka huko alijua jinsi ucheshi unavyokauka. Uzuri wa nusu ya kwanza umewekwa ili uondolewe.

Yako pia mashaka kama hii ni riwaya ya kunusurika hata kidogo, maana Hazel haponi. Dawa inayozuia uvimbe wake usikue, Phalanxifor, haipo duniani, mwandishi aliibuni. Kama ni maisha baada ya kupona tunayoyatafuta, Jordan Sonnenblick ameyaandika waziwazi zaidi katika After Ever After ya mwaka 2010: Jeffrey amepona saratani ya damu, lakini dawa zilizomponya zimemwachia mguu unaochechemea na akili inayopotea katika hesabu, na shule haina subira naye. Ni kitabu kinyofu, na kwa suala la athari za muda mrefu za tiba kina faida kuliko cha Green. Hata hivyo kunusurika hakuanzii siku ya cheti cha kupona. Hazel ananusurika kwa namna ya aliyeachwa: anaamka, anabeba mtungi, anakula na wazazi wake, anaitia pakiti ya sigara katika jeneza la Augustus na kumruhusu aziwashe. Kile kitabu alichokipenda kilikatika katikati ya sentensi. Chake kinamalizika kwa sentensi kamili, katika wakati uliopo, msimulizi akiwa hai.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote kwa msomaji wa huku kwetu. Hazel ana bima, wataalamu na mashine ya kupumulia kando ya kitanda, na safari ya Amsterdam inafadhiliwa na taasisi inayotimiza matakwa ya watoto wagonjwa. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Na si kwamba saratani za watoto ni hadithi ya mbali na sisi. Ile inayovimbisha taya ilielezwa kitabibu mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, ikawa miongoni mwa saratani za mwanzo kuonyesha kwamba dawa pekee zinaweza kuponya. Mtu anayemsubiri mtoto wake katika wodi ya Muhimbili ana haki ya kuuliza sigara ya Mmarekani inamhusu nini. Haimhusu. Kinachomhusu ni kwamba naye amezungukwa na maana walizomletea watu wenye afya: huu ni mtihani wa Mungu, hii ni laana ya ukoo, mtoto wako ni shujaa, usikate tamaa. Riwaya ya Kiswahili juu ya mtoto huyo ingekuwa na vitu vyake: basi la usiku kutoka mkoani, barua ya rufaa iliyokunjwa mara nne, kitanda wanachogawana watoto wawili, mama anayepiga simu nyumbani kuomba mbuzi mwingine auzwe. Kazi ngumu ya mwandishi wake ingekuwa kuiacha barua ya rufaa ibaki barua ya rufaa, yenye tarehe, mhuri na jina la mtoto lililokosewa herufi moja.